Mbwa wa Nkwabi

Tulimzika Nkwabi siku ya Jumamosi nyumbani kwake Maganzo, na baada ya mazishi nilikaa kwenye turubai la wanaume, sahani ya wali na nyama mapajani, nikisikiliza watu wakimzungumza marehemu. Walisema alikuwa mcheshi, alikuwa mkarimu, hajawahi kugombana na jirani. Nilitikisa kichwa kukubali. Kisha bwana mmoja mnene aliyekuwa mbele yangu, ambaye enzi zetu alikuwa akibeba vifuko vya udongo na sasa ana duka la vipuri Kahama, akanikazia macho na kujipiga paja. "Huyu si Shija? Shija mwenye yule mbwa! Jamani, huyu mzee alikuwa na mbwa anapanda gari kama abiria, anakaa kiti cha mbele, kichwa nje dirishani, vijiji vyote vinamjua." Watu wakageuka kunitazama na nyuso zikachangamka, maana msibani kila mtu hutafuta kitu cha kuchekea. Ile ndiyo ilikuwa nafasi ya kusema hapana ndugu yangu, umekosea, mbwa alikuwa wa huyu tuliyetoka kumfukia. Sikusema. Nilitabasamu nikaendelea kutafuna nyama. Nimestaafu udereva, nina wajukuu watano, na bado nilikaa msibani kwa mtu nikamwibia mbwa wake kwa mara ya pili. Mara ya kwanza ndiyo nataka kuieleza hapa, na sitajipamba.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na sita, dereva katika timu ya kuchukua sampuli za udongo. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Vijana walinyoosha kamba porini, wakachimba vishimo kila baada ya hatua kadhaa, wakatia udongo kwenye vifuko na kuviandika namba, na sisi madereva tukavisomba hadi kambini ili vipelekwe maabara, ionekane kama chini kuna kitu. Kiangazi tulikaa Rwamgasa kutafuta dhahabu, jirani na wachimbaji wadogo ambao makarasha yao yalisaga mawe kutwa nzima. Mvua zilipoanza tulihamishiwa Kishapu kutafuta almasi. Magari yalikuwa mawili. Mimi nilipewa mkonga mpya, lile gari la porini lenye bomba la hewa kama mkonga wa tembo, mweupe, wenye winchi mbele na kiyoyozi ndani, na viti vyake bado vilikuwa kwenye nailoni, nailoni ambayo nilikataa katakata kuitoa ingawa ilinichoma mgongo. Nkwabi, aliyenizidi miaka sita hivi, alikuwa na Landrova ya kijani iliyochakaa, mlango mmoja umefungwa kwa mpira wa tyubu, na mvua ikinyesha, ndani nako kunanyesha. Mtu yeyote mwenye akili zake angesema mimi ndiye wa kuonewa wivu. Nami nilijisemea hivyo hivyo wiki ya kwanza, nikiufuta mkonga vumbi kwa kitambaa laini na kumtazama Nkwabi kwa huruma.

Halafu kulikuwa na mbwa. Alikuwa mbwa wa kienyeji tu, rangi ya mchanga, sikio moja limechanika, miguu mirefu. Mbwa akiwa bado mdogo, Nkwabi alipewa na wachungaji wa Kishapu baada ya kuwavutia mkokoteni uliozama, na tangu hapo mbwa hakujua kutembea kwa miguu kama mbwa wengine. Landrova ilipopigwa stata alikuwa tayari kiti cha mbele, ameketi wima, anatazama barabara. Hakubweka ovyo. Kwenye kona alijiegemeza upande kama anayejua kinachokuja. Huku kwetu mbwa hapewi jina bure. Ukiwa na neno la kumwambia jirani na ukakosa ujasiri wa kumwambia usoni, unampa mbwa, kisha unamwita mbwa kwa sauti asubuhi na jioni mpaka mwenye masikio asikie. Nimewahi kumjua mbwa aliyeitwa Hamtuwezi, na mwingine Kulaneni. Wa Nkwabi aliitwa Mtasema. Nkwabi alinieleza kwamba jina lile lilikuwa la majirani zake wa Maganzo waliomsengenya kwa kuoa mke aliyemzidi umri. Sikuamini. Kila alipoita "Mtasema, panda!" nami nimesimama kando ya gari langu jipya na kitambaa changu laini, niliona kabisa kwamba ni mimi ninayesemwa.

Rwamgasa tulilala chumba kimoja, mimi na Nkwabi, katika nyumba ya matofali mabichi iliyokuwa na vyumba vitatu. Kimoja kilijaa vifuko vya udongo mpaka darini, cha pili walilala vijana, na cha kwetu kilikuwa na vitanda viwili vya kamba, taa ya chemli na msumari mmoja ukutani ambao tuligombea kutundikia mashati. Mtasema alilala kizingitini. Uso wake aliuelekeza kitanda cha Nkwabi, kwa hiyo kila asubuhi nilipofumbua macho nilianza siku kwa kutazama mgongo wa mbwa. Leo nikiliandika hili najicheka. Wakati ule sikucheka. Nilijaribu hata kuhamisha kitanda changu upande wa pili, nikatoa kisingizio cha upepo, na mbwa naye akageuka akalala na mgongo kwangu vilevile.

Njiani ndiko nilikoumia zaidi. Landrova ilitangulia, mkonga ukafuata, na wa nyuma hula vumbi. Nilimwendea mkuu wa kambi nikamwambia si sahihi gari zima kufuata gari bovu. Akanijibu kwamba vijijini watu wanamjua yule mbwa. Ilikuwa kweli. Miaka ile walinzi wa jadi, sungusungu, hawakuwa na mchezo na magari ya wageni, lakini walipokiona kile kichwa chenye sikio lililochanika kinatokeza dirishani, walishusha marungu. Wazee walisimama na kuiamkia Landrova, "Mwangaluka!", watoto walikimbia kandokando wakiita jina la mbwa, kina mama walimrushia Nkwabi michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa dirisha. Mimi nilipofika dakika tatu baadaye, nimevaa vumbi mpaka kwenye kope, watu walikuwa wamekwisha kurudi ndani. Nilikuwa na gari la maana kuliko magari yote ya tarafa ile na hakuna aliyelipungia mkono.

Mpishi wetu alikuwa Mama Limi, mama wa makamo asiyekosa neno. Jikoni kwake palikuwa ni mabati manne na turubai juu, na mtu akikaa nyuma ya mabati kwenye kivuli alisikia kila kitu. Mchana mmoja nilikuwa hapo nakula ugali wa udaga na dagaa, wao wakiwa ndani wanamenya karanga, yeye na Nkwabi.

"Yule mwenzako ana nini?" Mama Limi aliuliza. "Gari linang'aa, yeye kanuna."

"Bado kijana. Atazoea."

"Atazoea nini? Mimi nakwambia, baba, ni mbwa. Anamwangalia yule mbwa kama mwanamume aliyenyang'anywa mchumba."

Nkwabi alicheka, si kwa ubaya, kicheko chake cha kila siku, nami nikaisukuma sahani kando. Ningeweza kuvumilia kama angekasirika. Kunicheka huku akinitetea ndiko kulikoniudhi, na kuanzia mchana ule nikaamua kwamba mbwa yule atakuwa wangu.

Njia niliijua, na kila aliyekulia huku anaijua. Ukitaka mbwa akushike wewe amsahau mwenzako, unafinyanga tonge la ugali, unalipitisha kwapani likolee jasho lako, unampa ale. Basi nilikwenda nyuma ya choo mchana kweupe, jua la saa nane, nikafungua vifungo vya shati na kufanya hivyo. Mtasema alikula tonge lote kwa adabu, akanusa vidole vyangu, akageuka akaenda kulala chini ya Landrova. Nikaongeza dozi. Siku ya pili niliweka na kipande cha ini, siku ya tano nilikimbia kwanza mpaka makarasha na kurudi ili jasho liwe jingi. Wiki mbili nzima mbwa alinenepa kwa jasho langu na hakubadilika hata kidogo. Mwishowe Mama Limi akanifuma. Alisimama na ndoo yake ya maji, akanitazama mimi, tonge na kwapa.

"Shija, mwanangu. Umepata jipu?"

"Shikamoo mama," nilisema, nikifunga vifungo vya shati.

"Marahaba. Kama ni jipu, nina dawa. Kama ni kile ninachofikiri, sina."

Hakumwambia mtu, nadhani. Lakini kila aliponipakulia chakula baada ya siku ile aliniongezea ugali, tonge moja la ziada pembeni mwa sahani.

Tulihamia Kishapu mvua zikiwa zimeshika. Ambaye hajaendesha gari kwenye mbuga ya udongo mweusi asinieleze habari za matope. Kiangazi udongo ule hupasuka mpaka mguu unaingia, na mvua ikinyesha hujifunika juu ukaonekana mgumu, kumbe chini ni uji. Hapo ndipo nilipoona kwa nini mkuu wa kambi hakunisikiliza. Nkwabi alifika ukingoni mwa mbuga, akasimamisha gari, akafungua mlango na kusema, "Kapime." Mtasema akashuka, akaweka pua chini, akaanza kutembea akipinda huku na huku, na Landrova ikafuata alama za miguu yake polepole. Mbwa aliyezaliwa kwa wachungaji hufuata harufu ya ng'ombe, na palipopitwa na ng'ombe miaka mingi udongo umeshindiliwa. Ni hivyo tu, hakuna uchawi. Tukavuka. Na mimi na winchi yangu, na kiyoyozi changu, tukavuka nyuma ya makalio ya mbwa.

Mhunze tulipanga nyumba nzuri zaidi, sakafu ya saruji, na nikapata chumba changu peke yangu. Ndani ya chumba kile ndimo nilimokaa jioni nyingi nikijenga wazo, na wazo lenyewe sitalipunguza makali. Nilitaka Nkwabi azame. Siyo aumie, Mungu ni shahidi. Azame tu, siku moja, bila mbwa wake, vijana wote wakiona, kisha mimi nitokee na mkonga mweupe, niteremke taratibu, nifunge waya wa winchi na kumvuta. Nililiona jambo lile mpaka shati nitakalovaa. Na mbwa naye, nilifikiri, ataona nani ni mwanamume.

Asubuhi niliyoichagua vijana walikuwa ng'ambo ya mbuga na Nkwabi alitakiwa kuwapelekea maji na unga. Alfajiri alipoingia bafuni nilimwita Mtasema kwa mfupa wa mbuzi, akaingia chumbani kwangu, nikamfunga shingo kwa kamba ya katani kwenye mguu wa kitanda na kukomea mlango. Baada ya muda nikasikia Landrova ikipigwa stata. Mbwa akaacha mfupa na kusimama. Nikapiga magoti nikamshika mdomo kwa mikono miwili.

"Mtasema!" Nkwabi aliita uani. "Mtasema we!"

Alizunguka nyumba. Nilisikia viatu vyake vikipita chini ya dirisha langu, na sauti ikimuuliza Mama Limi kama amemwona, na Mama Limi akijibu hapana. Aliita tena, safari hii kwa sauti ndogo, kama anayemwita mtoto aliyejificha kwa mchezo. Mbwa alitetemeka mwili mzima. Mkia wake ulikuwa ukipiga sakafu, puu, puu, puu, na nilipata hofu kwamba utasikika, nikaubana kwa goti. Nkwabi alimsubiri kama robo saa. Kisha akaondoka. Niliachia mdomo wa mbwa na mbwa hakuniuma. Hakunitazama pia. Nikavaa shati nililolipanga, nikafunga mlango kwa nje, nikaenda kukaa ndani ya mkonga na kungoja kuitwa.

Niliitwa saa nne na nusu. Mchungaji mmoja, mtu mzima, alikuja mbio, miguu imejaa tope jeusi mpaka magotini. "Gari limezama, na mtu wenu ameumia mkono." Nilikuwa nimekwisha kutabasamu kwa sentensi ya kwanza, na tabasamu lile nalikumbuka lilivyonikaukia usoni. Nkwabi hakunisubiri. Kwa nini angenisubiri? Alizama peke yake, akaweka jeki ndefu juu ya ubao kama dereva yeyote mzoefu, akaingiza mawe chini ya tairi, ubao ukateleza na gari likashuka. Nilimkuta ameketi kwenye tairi la akiba, rangi ya uso imekuwa ya majivu, mkono wa kulia ameuviringisha kwa shati lake na shati limelowa. Aliponiona aliuliza kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, "Mtasema mmempata? Nimemwita asubuhi hakuja. Naogopa kaliwa na fisi."

Nilimwambia yuko salama. Sikumwambia yuko wapi. Nilimpakia nikamkimbiza Shinyanga mjini, na kwenye kila shimo aliuma meno na kunisifu kwamba naendesha vizuri. Hospitalini walifanya walichoweza. Vidole vinne havikuokolewa, kilibaki kidole gumba. Niliporudi Mhunze jioni mlango wa chumba changu ulikuwa wazi, kipande cha kamba kimekatwa kwa kisu kimeachwa juu ya kitanda, na Mtasema ameketi kiti cha mbele cha Landrova ambayo vijana walikuwa wameisukuma kutoka matopeni. Mama Limi alinipakulia chakula kama kawaida. Tonge la ziada halikuwepo.

Baada ya mwezi nilikwenda Maganzo kumjulia hali, nimebeba sukari na sabuni, na maneno ya kuungama nimeyapanga mdomoni tangu asubuhi. Mbwa alikuwa amepelekwa kwake siku nyingi. Nilimkuta kando ya barabara, mbavu zinahesabika. Mke wa Nkwabi alituketisha, mimi na mumewe, sebuleni, chumba chenye ukuta uliopakwa rangi nusu, akatuwekea sahani ya matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, pamoja na karanga. "Shemeji, huyu mbwa hali," aliniambia. "Likipita gari lolote analikimbilia, anachungulia kiti cha mbele, anarudi." Alipotoka, Nkwabi alichukua kipande cha tobolwa kwa mkono wa kushoto na kukitazama.

"Mchukue," alisema. "Mimi sitaendesha tena. Huyu bila gari atakufa."

"Kaka Nkwabi, mimi nimekuja kukwambia kitu."

"Mama Limi alinieleza. Alimkuta kwako amefungwa."

"Nilimfunga," nilisema.

"Kwa nini?"

"Nilimtaka."

Alikirudisha kipande cha tobolwa sahanini. Nje mbwa alibweka mara moja, kuna gari lilipita. "Ungeniomba, bwana mdogo," Nkwabi alisema. "Ningekupa."

Ningependa kuandika kwamba hapo nilijuta. Majuto yalikuja, tena yalikuja kwa miaka mingi, lakini siyo kwanza. Kitu cha kwanza kilichonipanda kifuani mle sebuleni, mbele ya mkono ule uliofungwa bendeji, kilikuwa wivu, uleule, mbichi kabisa. Nilimwonea wivu kwa kuwa mtu anayeweza kusema neno lile. Mimi sijawahi kumpa mtu hata tairi kipara bila kuumia, na yeye, baada ya yote, alikuwa akinipa kile tu nilichowahi kukitaka kwa moyo wangu wote, na alikuwa akinipa kwa sababu ya afya ya mbwa.

Tulitoka nje. Nilifungua mlango wa mkonga, nikaita, nikapiga kiti kwa kiganja, na Mtasema akabaki amesimama mguuni pa Nkwabi. Nkwabi akainama, akamshika lile sikio lililochanika, akasema taratibu, "Panda." Mbwa alimtazama. Kisha akapanda, akaketi wima kiti cha mbele, na hakuutoa uso wake kwa Nkwabi. Alikaa na mimi miaka minne. Alikula mkononi mwangu, alinipimia mbuga zote za Kishapu, akafa amezeeka kwenye kiti kile, na watu wakazoea kumwita wangu. Lakini mimi na yeye tulijua kila siku nani alimwambia apande.

Siku ile, nilipokwisha kukaa kwenye usukani na kuwasha injini, Nkwabi aliusukuma mlango wa upande wa mbwa kwa mkono wa kushoto. Haukushika. Akaufungua, akausukuma tena kwa nguvu zaidi, haukushika. Mara ya tatu nikazima injini, nikashuka, nikazunguka upande wake, nikaufunga mwenyewe.